Kipimo cha Habari Kubwa

Kila siku matukio ya ulimwengu huwa mengi kuliko kurasa za gazeti na dakika za redio. Ni lazima baadhi yachaguliwe na mengine yaachwe. Je, kipimo ni nini?

Mwaka 1965 Johan Galtung na Mari Holmboe Ruge walichunguza jinsi magazeti manne ya Norway yalivyoeleza misukosuko ya Kongo, Kuba na Saiprasi. Walitaja mambo 12 yanayolifanya tukio liwe habari, miongoni mwayo kutokea kwa ghafula, ubaya wake, na kuhusu kwake watu au mataifa yenye nguvu. Jambo likualo polepole halilingani na mwendo wa gazeti la kila siku.

Mwaka 2007 Thomas Eisensee na David Strömberg waliyalinganisha maafa ya asili yapatayo 5,000, ya kati ya 1968 na 2002, na taarifa za televisheni za Marekani. Waliona kwamba kwa kila mtu mmoja aliyeuawa na volkano, ilibidi wafe kwa njaa watu karibu 40,000 ndipo maafa hayo mawili yawe na nafasi sawa ya kutangazwa. Volkano hulipuka siku moja. Njaa huingia kidogo kidogo kwa miezi mingi.

Tena, maafa yaliyotukia wakati wa Michezo ya Olimpiki, habari zikiwa zimejaa michezo, yalipata msaada wa serikali ya Marekani kwa nadra zaidi. Kwa hiyo asomaye gazeti asipime janga kwa ukubwa wa kichwa cha habari tu. Yafaa aulize pia ni lipi lililoachwa.