Kizuia jua cha gari: kinachomkinga mtoto na kisichomkinga

Saa saba mchana, ibada ya pili imekwisha na watu wanatawanyika kuelekea maegesho. Mama amembeba mwanawe wa miaka miwili, begi la nepi begani, funguo mkononi. Anafungua mlango wa nyuma wa IST iliyosimama juani tangu saa nne, na hewa inayotoka humo ni kama ya tanuri la mikate. Anasubiri kidogo, anamketisha mtoto, anavuta mkanda. Kabla hajaufunga, mtoto anapiga kelele. Kile chuma cha kufungia mkanda kimegusa paja.

Kwa familia za Dar es Salaam, Tanga au Mtwara tukio la namna hii si geni, hasa kati ya Desemba na Machi. Na huo ndio msimu ambao wachuuzi kwenye mataa hubeba makunjo yanayong'aa kama bati jipya, wakiyapitisha dirishani pamoja na chaja za simu na feni ndogo za gari. "Dada, hii inaingia gari zote." Taa inageuka kijani, noti inatolewa haraka, na kesho yake inagundulika kwamba haikuingia kwenye gari hilo.

Kizuia jua ni kifaa rahisi, lakini kuna cha maana na cha kupoteza pesa. Muhimu zaidi, kuna kazi kinayoiweza na kazi ambayo hakuna kizuia jua duniani kinachoiweza. Mzazi anayechanganya hizo mbili anaweza kulipa gharama kubwa kuliko paja lililoungua.

Joto la ndani ya gari halitokani na hewa ya nje pekee. Mwanga wa jua hupita kwenye kioo bila shida, kisha dashibodi, usukani na siti, ambazo kwa kawaida ni nyeusi au kijivu, huumeza na kuwa moto. Zikishakuwa moto zinapasha hewa iliyofungiwa humo ndani, na joto hilo halitoki kwa urahisi lilivyoingia. Kioo cha mbele ndicho kikubwa kuliko vyote na kimelala mshazari, kwa hiyo jua la utosini, ambalo kwetu huku karibu na ikweta ni la karibu mwaka mzima, huangukia moja kwa moja juu ya dashibodi.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, walipima magari yaliyoegeshwa kwa saa moja katika siku ambazo joto la nje lilizidi nyuzi 38. Kwenye magari yaliyokuwa juani, dashibodi zilifikia wastani wa nyuzi 69, usukani 53, siti 51, na hewa ya ndani 47. Kwenye yaliyokuwa kivulini, dashibodi ziliishia nyuzi 48 na hewa 38. Dar es Salaam haina joto la jangwani kama Arizona, lakini tofauti hiyo ya jua na kivuli inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kushika usukani saa nane mchana. Chuma kikifika nyuzi 60 huunguza ngozi ndani ya sekunde chache, na ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko ya mtu mzima.

Kwa hiyo kivuli halisi kinakuja kwanza. Mwarobaini mzuri ni bora kuliko kizuia jua chochote cha dukani. Mwembe pia, ingawa mwembe wa Desemba una gharama zake kwenye boneti. Kizuia jua ni cha siku ambazo kivuli kimeshachukuliwa na waliowahi, yaani siku nyingi.

Jambo la kwanza wakati wa kununua ni kipimo, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Kioo cha Vitz na kioo cha Noah ni vitu viwili tofauti. Kizuia jua kidogo huacha nafasi pembeni na jua huingia kupitia hapo. Kikubwa kupita kiasi hujikunja katikati, hakisimami, na baada ya wiki mbili kinahamia kwenye buti moja kwa moja. Chukua futi ya fundi cherehani kabla hujatoka nyumbani. Pima upana wa kioo kwa ndani, chini kwenye dashibodi, kutoka nguzo hadi nguzo, kisha pima kimo katikati, kuanzia dashibodi hadi dari karibu na kioo cha kutazamia nyuma. Andika kwenye simu. Anayeuza dukani akiwa na vipimo kwenye boksi, mtafanya biashara. Asiye navyo, omba kukifungua na kukijaribu kwenye gari lako.

Jambo la pili ni uso wake. Upande unaong'aa ndio unaofanya kazi, kwa kurudisha mwanga nje kupitia kioo kabla haujageuka joto, na lazima uangalie nje. Wapo wanaokigeuza kwa sababu upande wa pili una picha nzuri ya katuni. Picha hiyo waachiwe watoto waitazame kwa ndani. Kabla ya kulipa, kinyanyue kuelekea jua. Ukiona mwanga unapenya, kirudishe. Vile vya wavu mweusi mtupu hupunguza mng'ao machoni, lakini vyenyewe humeza joto vikiwa tayari ndani ya gari, kwa hiyo vinasaidia kidogo tu kwa kioo cha mbele. Vilivyo na sponji nyembamba katikati ya karatasi mbili zinazong'aa ndivyo vinavyosimama vizuri na kudumu.

Kuhusu maumbo, yale yanayokunjwa kama feni ya karatasi ni makubwa kuhifadhi lakini hayana usumbufu. Yale ya duara mbili yanayojikunja yenyewe huchukua nafasi ndogo, ila kuyakunja mara ya kwanza kunahitaji subira, na mtoto mkononi si wakati wake. Siku hizi yamekuja ya mwavuli: unasukuma, linafunguka, umemaliza. Yanapendwa kwa haraka yake, lakini angalia ncha za vyuma vyake, kwa sababu zinaweza kukwaruza kioo, na mpini wake hukaa pale pale ambapo magari mengi yana skrini ya redio. Ncha hizo pia huwa za moto na ziko usawa wa macho ya mtoto anayependa kurukia mbele.

Kuna pia mfuniko wa nje, unaolazwa juu ya kioo na kubanwa na milango. Kwa kanuni huu ni bora zaidi, maana jua linazuiwa kabla halijagusa kioo. Kwa mtaani, hata hivyo, utaukuta umeondoka na mwenye uhitaji zaidi. Unafaa kwa uani au maegesho yenye mlinzi, na ukung'utwe vumbi kabla ya kulazwa ili usikwaruze kioo.

Asiye na pesa ya kununua hana sababu ya kuona aibu. Boksi la friji au la televisheni lililokatwa kwa kipimo cha kioo, likabandikwa karatasi ya alumini ya jikoni upande wa nje, hufanya kazi ile ile. Khanga iliyotandazwa juu ya dashibodi haifiki huko, kwa kuwa yenyewe inapata joto ikiwa ndani, lakini usiitupe. Kazi yake iko siti ya nyuma.

Kwa sababu hicho kizuia jua cha mbele kinasaidia hasa mbele, na mtoto hakai mbele. Madereva wengi wazoefu huegesha kwa kuangalia saa: mchana wanaelekeza pua ya gari mashariki ili jua la alasiri lipige nyuma. Kwa gari lisilo na mtoto ni ujanja mzuri. Kwa gari lenye siti ya mtoto, umelitoa joto kwenye usukani wako ukalipeleka kwenye mkanda wake. Ama egesha kioo cha mbele kikiangalia jua na ukifunike vizuri, ama funika siti ya mtoto yote, pamoja na vyuma vya mkanda, kwa khanga au shuka jeupe kila unaposhuka. Ukirudi, gusa chuma kwa nyuma ya kiganja chako kabla mtoto hajakaa. Inachukua sekunde mbili.

Madirisha ya pembeni yana suala jingine. Kioo cha mbele hutengenezwa kwa tabaka mbili zenye plastiki katikati, na plastiki hiyo huzuia karibu miale yote ya jua inayodhuru ngozi. Vioo vya pembeni kwa kawaida havina tabaka hilo, na sehemu ya miale hiyo hupita. Kwa mtoto mwenye ualbino hili si jambo la starehe, kwani ngozi yake huharibika kwa jua mapema na hatari ya saratani ya ngozi ni kubwa. Vitambaa vya wavu vinavyovishwa mlango wa nyuma kama soksi vinasaidia gari likiwa linatembea, pamoja na nguo ya mikono mirefu na kofia. Epuka vyenye fremu ngumu, maana gari likifunga breki ghafla vinaweza kuruka.

Na usisahau kilichomo kwenye mfuko wa mlango. Dawa nyingi za watoto zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30 au 25. Insulini huharibika kwa joto, na kopo la dawa ya kuvuta ya pumu lina gesi yenye mgandamizo ambayo haitakiwi kupata joto kali. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hukaa salama kama saa nne kwenye chumba chenye nyuzi 25, na gari juani si chumba cha namna hiyo. Kizuia jua hakibadilishi lolote hapa. Vitu hivi unashuka navyo.

Sasa kazi ambayo kizuia jua hakiiwezi. Mtoto amelala, duka liko pale pale, ni mkate na maziwa tu. Kioo kimefunikwa, madirisha yameshushwa vidole viwili. Mzazi anajiambia ni dakika tano.

Mwaka 2005 jarida la madaktari wa watoto la Marekani, Pediatrics, lilichapisha vipimo vilivyofanywa katika siku 16 za jua, ambapo joto la nje lilikuwa kati ya nyuzi 22 na 36. Ndani ya saa moja gari lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22 juu ya joto la nje, na asilimia 80 ya kupanda huko ilitokea katika nusu saa ya kwanza. Kushusha madirisha kidogo hakukuleta tofauti ya maana. Maana yake, hata asubuhi ya Arusha au Iringa ambayo watu wanaiita ya baridi, jua likiwa limetoka, gari lililofungwa si mahali pa kumwacha mtoto. Kizuia jua hupunguza moto wa dashibodi kuliko kinavyopunguza joto la hewa, na mtoto anavuta hewa.

Mwili wa mtoto mdogo hupata joto mara tatu hadi tano haraka kuliko wa mtu mzima. Ukifika nyuzi 40 ubongo na viungo vingine huanza kuathirika. Marekani, ambako vifo hivi vinahesabiwa kila mwaka, wastani ni watoto zaidi ya 30 kwa mwaka. Zaidi ya nusu walisahauliwa na mzazi au mlezi mwenyewe, mara nyingi mtu makini ambaye ratiba yake ilibadilika siku hiyo. Takribani robo waliingia wenyewe kwenye gari lililoachwa wazi. Kwa nyumba zetu zenye ua na watoto wa majirani wanaocheza pamoja, hilo la mwisho ni la kuangalia sana: gari lililoegeshwa lifungwe, hata ndani ya geti, na funguo ziwekwe juu.

Ukimkuta mtoto ndani ya gari lililofungwa, analegea, ngozi ya moto, anatapika, anachanganyikiwa au ana degedege, mtoe hata kwa kuvunja kioo kilicho mbali naye. Msogeze kivulini, mvue nguo, mmwagie maji mwilini huku ukimpepea, na safari ya hospitali ianze mara moja. Panadol haisaidii, kwa sababu hii si homa. Asiye na fahamu asinyweshwe chochote. Kwa Tanzania, namba ya dharura ni 112, na ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Lipo suala dogo la mwisho, la mahali pa kuweka kizuia jua gari likiwa linatembea. Wengi hukitupa siti ya abiria mbele, kwa kuwa ndiko kunafikika. Kiweke nyuma, miguuni pa siti ya mtoto. Kila utakapoegesha itabidi ushuke, ufungue mlango wa nyuma na uiname kukichukua, mtoto awepo siku hiyo au asiwepo.