Mwenye kisukari na sigara: kuacha ni sehemu ya dawa

Mwezi huu tunazungumza juu ya sigara na ugonjwa wa sukari. Tumechagua habari hii sababu katika familia zetu wapo wagonjwa wanaomeza vidonge kila siku, wanajinyima soda, na hapo hapo wanavuta. Husema: "Sukari iko kwenye damu, moshi unaenda kwenye mapafu. Vinahusiana nini?" Jamani, vinahusiana sana.

Sigara inamfanya nini mwenye kisukari?

Kwanza, nikotini iliyo kwenye tumbaku inaufanya mwili usiitii insulini vizuri, na insulini ndiyo inayoitoa sukari kwenye damu iingie mwilini ikatumike. Kwa hiyo sukari inapanda, na mvutaji anayechoma sindano mara nyingi huhitaji dawa nyingi zaidi.

Pili, mishipa ya damu. Kisukari kinaiharibu, sigara nayo inaibana. Moyo, figo na macho vyote vinaumia. Na mguu je? Hapa kambini mguu ndio gari letu: unatufikisha kwenye mgao, bombani na kwenye kuni. Mwenye kisukari anaweza kupata ganzi, akakanyaga mwiba asisikie. Kidonda kinahitaji damu ili kipone. Damu isipofika kinakaa, kinaoza, na mwisho daktari anaweza kusema mguu ukatwe.

Ukiacha unapata nini?

Dakika 20 tu baada ya sigara ya mwisho, mapigo ya moyo yanaanza kutulia. Baada ya masaa 12, hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi, ile ile ya jiko la makaa, inakuwa imepungua kwenye damu hadi kiwango cha kawaida. Ndani ya wiki 2 mpaka 12 damu inatembea vizuri zaidi. Baada ya mwaka 1, hatari ya ugonjwa wa moyo iliyoongezwa na sigara inashuka karibu nusu.

Hata asiye na kisukari anafaidika. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kuacha sigara kunaweza kupunguza hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili kwa asilimia 30 mpaka 40.

Angalizo

Mwenye kisukari asiache kimya kimya. Amwambie muuguzi, apimwe sukari mara kwa mara, maana siku za mwanzo inaweza kupanda au kushuka. Usipunguze dawa mwenyewe. Ukitetemeka, ukatoka jasho na kusikia njaa ya ghafla, huenda sukari imeshuka: kunywa maji yenye sukari upesi, halafu nenda zahanati. Wengine huongezeka uzito kidogo. Hilo lisikurudishe kwenye sigara, faida ni kubwa kuliko hasara.

Familia isaidie vipi?

Mchague siku pamoja. Wiki za kwanza baba anaweza kuwa na hasira na kukosa usingizi. Tumvumilie, sio kumcheka. Hamu ikija hupita baada ya dakika chache: anywe maji, atembee, ashike jembe. Akianguka siku moja, aanze tena kesho yake. Kuhamia kwenye kiko au ugoro sio kuacha, nikotini ni ile ile. Wageni wavutie nje, na watoto tusiwatume kununua sigara.

Kila jioni mtu mmoja nyumbani amkague mgonjwa miguu, nyayo mpaka katikati ya vidole. Mkiona kidonda, hata kidogo, msingoje wiki iishe. Na ile hela ya sigara, basi iende kwenye mboga na sabuni.