Gari Likichemka Kwenye Foleni

Maji ya Nairobi huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na chai inayopikwa Kawangware hutokota kwenye nyuzi 94 hivi. Kwa mpishi, hilo humcheleweshea tu maharagwe. Kwa mwenye Vitz au Probox iliyozeeka, anayesota kwenye foleni ya Naivasha Road kati ya steji ya 46 na Dagoretti Corner, ni jambo kubwa zaidi, kwa sababu injini yake hufanya kazi kwenye joto hilohilo na mara nyingine hulipita.

Kinachoyazuia maji yasichemke ndani ya injini ni kifuniko cha rejeta. Kigeuze utaona springi na raba. Juu yake mara nyingi pameandikwa 0.9 au 1.1. Namba hiyo ni kipimo cha shinikizo. Springi huyabana maji mpaka shinikizo lifike hapo, na maji yaliyobanwa hivyo huvuka nyuzi 110 bila kuchemka. Raba ikikauka au springi ikilegea, shinikizo linavuja, na gari lenye pampu nzima, feni nzima na injini isiyo na kosa linaanza kutapika maji njiani. Wako waliofunguliwa hedi, yaani kichwa cha injini, na kulipia gasketi mpya, kumbe ugonjwa ulikuwa kifuniko. Kwa hiyo uchunguzi uanzie hapo. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, kifungue na upitishe kidole kwenye raba. Ikiwa imekakamaa, ina mipasuko au ukoko mweupe, nunua kingine chenye namba ileile. Usichukue chenye namba kubwa zaidi ukidhani kitasaidia, maana mipira ya maji ya zamani huenda isistahimili shinikizo hilo na ikapasuka.

Injini ikiwa moto, kifuniko hakiguswi. Maji yaliyo kwenye nyuzi 105 chini ya shinikizo hugeuka mvuke mara tu unapolegeza, na hapa kwetu, kwa kuwa yanachemka mapema, yanaruka kwa nguvu zaidi kuliko Mombasa. Uso na mikono ndivyo vinavyoungua. Taa nyekundu ikiwaka, zima AC, washa hita kwa nguvu yote ili itoe joto la injini, egesha pembeni, kisha zima gari. Subiri nusu saa au zaidi. Usimwage maji baridi juu ya injini inayofoka, kwa sababu hedi ya aluminiamu hupinda au kupasuka.

Kifuniko kikiwa kizima, safari zako za kila siku zitakuonyesha tatizo liko wapi. Tazama gari linachemka wakati gani. Likichemka kwenye foleni lakini likapoa ukishika Southern Bypass na kukimbia, shuku feni. Gari likiwa kwenye mwendo, upepo wa barabarani unapoza rejeta. Likisimama, feni peke yake ndiyo inayofanya kazi hiyo. Jipimie mwenyewe: washa injini, washa AC, fungua boneti utazame. Katika magari mengi ya Kijapani yenye feni ya umeme, feni hupaswa kuzunguka AC inapowashwa. Ikinyamaza, angalia fyuzi kwanza, kisha rilei. Mara nyingi rilei ya feni inafanana na nyingine ndani ya kisanduku hichohicho, na ukizibadilisha nafasi unajua papo hapo kama ndiyo iliyokufa.

Likiwa shwari kwenye foleni lakini likachemka ukikimbia au ukipanda mlima wa Ngong, mambo yanageuka. Hapo rejeta imeziba, au maji hayazunguki ya kutosha. Na hapa lazima niseme jambo kuhusu maji yenyewe. Kibera na Kawangware wengi hununua maji kwa mitungi ya lita 20, na mengine hutoka visimani yakiwa na chumvichumvi. Maji hayo yakipashwa moto kila siku huacha magamba ndani ya mirija myembamba ya rejeta, kama yanavyofanya ndani ya birika, na chuma cha injini hushika kutu. Maji ya rejeta yakiwa na rangi ya udongo mwekundu, huenda rejeta imeanza kuziba. Inayofaa ni kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa, yaani yale safi yanayoongezwa kwenye betri, wala si asidi ya betri. Kulanti huzuia kutu na pia hupandisha kiwango cha kuchemka. Lakini kulanti nyingi ni sumu yenye ladha tamu. Usiiweke kwenye chupa ya soda wala usiimwage uani, mtoto au mbwa asije akainywa. Kiasi kidogo tu kinaweza kuua figo.

Gari linalochemka dakika chache baada ya kuwashwa, liwe kwenye foleni au barabara tupu, aghalabu lina maji pungufu, pampu iliyochoka, au thamostati iliyokwama ikiwa imefungwa. Thamostati ni mlango mdogo unaokaa umefungwa injini ikiwa baridi, kisha hufunguka karibu na nyuzi 82 ili maji yaende kupoa. Gereji nyingi huitoa na kuitupa, zikisema nchi ya joto haiihitaji. Napinga kabisa desturi hiyo. Kwanza, Nairobi ya Julai si nchi ya joto: injini isiyo na thamostati hukawia kupata joto lake na hula petroli zaidi. Pili, katika injini nyingi za Toyota thamostati ina kisahani cha nyuma kinachoziba njia ya mkato ya maji injini ikishapata moto. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kupitia rejeta. Mtu aliyeitoa ili gari lipoe huenda akaliongezea joto. Kuipima ni rahisi: itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, yapashe moto, uone kama inafunguka kabla hayajachemka.

Gasketi ya hedi tuiache mwisho, kwa sababu ndiyo ghali. Injini ikiwa baridi na kifuniko kimetolewa, mwombe mtu awashe gari, nawe uyatazame maji huku uso ukiwa mbali. Mapovu machache ya mwanzoni ni hewa iliyokuwa imenaswa. Yakiendelea kutoka mfululizo na kuleta harufu ya moshi, gesi ya silinda inapenya kwenye maji. Dakika mbili zinatosha. Usingoje injini ipate moto. Vuta pia kijiti cha oili. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji, na gari hilo lisiwashwe tena. Utando mdogo wa rangi hiyo chini ya kifuniko cha oili pekee usikutishe, kwani safari fupi za msimu wa baridi huuleta.

Magari madogo mengi ya siku hizi hayana geji ya joto, yana taa ya bluu ya ubaridi na nyekundu ya hatari tu. Nyekundu ikiwaka umeshachelewa. Kipo kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu chini ya usukani na kuonyesha joto la maji kwenye simu kwa bluetooth. Kwa dereva wa teksi anayeshinda barabarani ni pesa iliyotumika vizuri. Kifaa hichohicho husoma misimbo ya makosa, ila msimbo usikutume dukani moja kwa moja. P0171, kwa mfano, unasema injini inapata hewa nyingi mno ikilinganishwa na petroli. Hausemi ni sensa ipi imekufa, na mara nyingi sababu ni mpira wa hewa uliopasuka.

Betri nayo isibadilishwe kwa kukisia. Fundi wa simu aliye karibu nawe ana mita, mwombe akuazime. Gari likiwa limelala usiku kucha, volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 ni nusu. Washa injini: mita ikisoma kati ya 13.8 na 14.5 hivi, altaneta inachaji. Ikibaki 12 na kitu, betri mpya nayo itakufa baada ya muda mfupi.

Breki na kazi za chini ya gari mwachie fundi. Vichochoro vya Kibera ni vya mteremko na udongo laini, na jeki huteleza. Hata unapobadilisha tairi, weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu na usiingie chini ya gari.

Ukifika gereji, usimwambie fundi kwamba gasketi imeungua. Mwambie ulichokiona: linachemka kwenye foleni, likikimbia linapoa, kifuniko ni kizima, hakuna mapovu, feni haizunguki hata AC ikiwashwa, fyuzi ni nzima na rilei nimeibadilisha na nyingine. Akisikia hayo ataanza kupima mota ya feni na nyaya zake, na hedi haitafunguliwa.