Vumbi Lililo Nguoni

Wahenga walisema, Kikulacho ki nguoni mwako. Neno hilo twaliona dhahiri katika habari ya mafundi wa vali, yaani vile vilango vya chuma vifunguavyo na kufunga njia ya mvuke katika meli na viwanda.

Chuma chenyewe hakina dhara. Lakini kwa miaka mingi shina la vali lilizungushiwa kamba ya asbesto ili mvuke usivuje, na hapo vali ilipoungana na bomba palitiwa gasketi ya asbesto, kwa kuwa jiwe hilo lenye nyuzi haliungui. Kamba ilipochakaa, fundi aliing'oa kwa kulabu. Gasketi iliyoganda aliikwangua kwa kisu na brashi ya waya. Ndipo likatoka vumbi la nyuzi nyembamba mno, naye akalivuta pamoja na pumzi yake. Nyuzi hizo hukaa mapafuni, na saratani yaweza kutokea baada ya miaka 20, 30, hata 40.

Afisa mmoja wa Marekani alitumika katika manowari Oriskany tangu 1965 hata 1967, akiwasimamia watengenezaji wa mitambo ya mvuke. Alifariki mwaka 2005 kwa saratani ya utando wa mapafu. Jamaa zake waliwashtaki waliounda vali na pampu za meli ile. Lakini mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba asbesto iliyomdhuru ilikuwa ya vipuri vya watu wengine, basi wao hawana deni. Mwaka 2019, katika shauri la mabaharia wengine, Mahakama ya Juu ya Marekani ilihukumu kwamba, kwa sheria ya bahari, aundaye chombo kisichofanya kazi pasipo kutiwa kipuri cha hatari, naye aijua hatari ambayo watumiaji hawaijui, yampasa kuonya.

Sisi twaona kuonya si kazi ya kutupiana, maana vumbi halibaki kazini. Wako wake waliofua nguo za waume zao wakapatwa na maradhi yale yale. Basi ashikaye mitambo ya zamani aulize kwanza kamba ile ni ya kitu gani. Asiikwangue kavu, wala asipulize vumbi lake kwa hewa, wala asirudi nyumbani na nguo za kazi. Nanyi walimu, waambieni vijana haya kabla hawajashika kulabu.