Unga wa Kijani Kwenye Njugu

 

Kama uko jikoni, tia mkono kwenye gunia la njugu karanga, toa konzi moja, uitandaze kwenye ungo. Nyingi zitakuwa nzuri. Chache zimesinyaa. Halafu pengine kuna moja au mbili zenye unga wa rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano. Unga huo ndio mazungumzo yetu ya leo.

Ni kuvu. Kuvu si mmea wala si mdudu. Haina majani, na haiwezi kujitengenezea chakula. Hula cha mwenzake. Uyoga tunaookota wakati wa mvua ni wa jamii hiyo. Wataalamu huipa kila aina ya kuvu majina mawili, la kwanza la ukoo na la pili lake mwenyewe. Ukoo wa hii yetu unaitwa Aspergillus.

Jina hilo lilitolewa mwaka 1729 na padri Mwitaliano, Pier Antonio Micheli wa mji wa Florence. Alipoitazama kuvu kwa hadubini aliona bua jembamba lenye kichwa cha mviringo, na kichwani punje ndogo zilizotawanyika pande zote. Ikamkumbusha kile kifaa ambacho padri hunyunyizia waumini maji ya baraka. Ukikiona kanisani siku ya Pasaka, umeona umbo la kuvu hii.

Sasa sikiliza vizuri jinsi mwili wake ulivyo. Chini kabisa kuna nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko unywele, zinazopenya ndani ya njugu. Hizo ndizo zinazokula. Kutoka kwa nyuzi huinuka bua, na juu ya bua kuna kichwa kilichozungukwa na vichupa vidogo sana. Kila kichupa hutoa vijimbegu kimoja baada ya kingine, vikipangana kama shanga kwenye uzi. Ule unga wa kijani ni vijimbegu hivyo, maelfu kwa maelfu, vinavyongoja upepo. Kwa hiyo mama anayepangusa njugu kwa kitambaa hadi ing'are ameondoa vijimbegu tu. Nyuzi zimebaki ndani, na sumu pia.

Ukoo huu una aina zaidi ya 300, na si zote mbaya. Wajapani hutumia Aspergillus oryzae kutengeneza sosi ya soya. Ile nyeusi kama masizi, unayoiona kwenye maganda ya vitunguu, ni Aspergillus niger. Yenye kijani na manjano ni Aspergillus flavus, na ndugu yake Aspergillus parasiticus hupenda sana njugu, kwa kuwa wote wawili hukaa udongoni, na njugu hukomaa humo humo. Kuwatenganisha kwa macho hutaweza, wala huna haja. Zipo pia ndugu za flavus zinazotengeneza vijidonge vyeusi, vigumu, vidogo kuliko nusu milimita, vinavyovumilia ukame ardhini. Kuvu ya namna hiyo ndiyo iliyopatikana kwenye mahindi ya Ukambani mwaka 2004, wakati watu 317 walipougua na 125 wakafariki.

Mahindi yenye kuvu ya waridi ni habari nyingine. Huo ni ukoo wa Fusarium, ambao vijimbegu vyake vimepinda kama mtumbwi. Nao una sumu zake. Usiyapike.

Sumu ya flavus huitwa aflatoksini. Haina rangi wala harufu, na moto wa jikoni hauimalizi, uchemshe au ukaange. Huharibu ini, na ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini, hasa kwa mwenye virusi vya hepatitisi B. Chanjo ya hepatitisi B mtoto hupewa kliniki akiwa na wiki 6, 10 na 14, usiikose.

Je, iko huku kwetu? Iko. Mwaka 2009 watafiti walichapisha matokeo ya njugu zilizopimwa kutoka Busia na Homa Bay. Nyingi zilikuwa salama. Lakini zaidi ya sampuli 7 katika kila 100 zilivuka mikrogramu 20 za sumu kwa kilo, na nyingine zilivuka mara nyingi mno. Sumu hujikusanya kwenye punje chache, ndiyo maana kuchagua kunasaidia.

Hapa nitasema wazi. Tumezoea kuchagua njugu nzuri ziende sokoni, na zile zilizosinyaa, zilizotobolewa na wadudu au kugeuka rangi zisagwe za uji wa mtoto. Tunampa sumu yule mwenye ini dogo kuliko wote nyumbani. Njugu hizo zifukie shimoni. Usimpe kuku, wala ng'ombe wa maziwa, maana sumu hupitia kwenye maziwa. Hupitia kwa mama anayenyonyesha pia, lakini usiache kunyonyesha kwa hofu hiyo. Chagua vizuri unachokula wewe.

Kuvu hutaka unyevu. Anika njugu juu ya turubai, si kwenye udongo, hadi ukitikisa ganda usikie zikigonga. Kwa mahindi, weka kiasi kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, ungoja dakika 15. Chumvi ikishika ukuta wa chupa, yarudishe juani. Hata isiposhika, siku mbili tatu za jua zaidi hazitadhuru.

Na mtu akila halafu macho yakawa manjano, tumbo likajaa au akatapika mfululizo, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na ubebe kidogo cha chakula alichokula.