Je, Wajua? Siki Inavyofichua Dalili za Saratani

Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari mara 6 zaidi ya kupata saratani ya mlango wa kizazi kuliko asiye na VVU. Chanzo hasa ni virusi vingine, HPV, vinavyoenezwa kwa kujamiiana. Wengi wetu huvipata wakati fulani, na mara nyingi mwili huvifukuza kimyakimya. Kinga ikidhoofishwa na VVU, huenda visitoke: safari ya kufikia saratani, ambayo kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20, yaweza kukamilika ndani ya miaka 5 hadi 10. Dawa za VVU (ARV) hupunguza hatari hiyo, haziiondoi.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri wanawake wenye VVU waanze kupimwa saratani hii wakiwa na miaka 25, na wasio na VVU wakiwa na miaka 30. Na kipimo kimojawapo ni rahisi ajabu. Muuguzi hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja hivi, kisha hutazama kwa macho tu. Sehemu yenye mashaka hugeuka nyeupe. Mara nyingi hutibiwa papo hapo, kwa kugandishwa au kwa joto, na mama anarudi nyumbani siku hiyohiyo.