Pawa ya Kubana na Pawa ya Kuwasha-na-Kuzima

Ndani ya redio nyingi, kompyuta nyingi na chaja nyingi za simu kimo kifaa kiupokeacho umeme wa nyumbani, ambao katika Tanzania ni wa volti 230, na kuugeuza kuwa umeme mdogo wa mwelekeo mmoja, kama vile volti 5 au 12. Mafundi hukiita pawasaplai; hapa kitaitwa pawa kwa ufupi. Ziko aina mbili, na Kiingereza huzitofautisha kwa majina yatokanayo na mstari na swichi. Ayafasiriye majina hayo neno kwa neno humpoteza mwanafunzi kabla hajagusa waya. Yafaa basi kazi ielezwe kwanza, ndipo majina yatafutwe.

Katika aina ya kwanza, transfoma nzito hushusha volti, diodi huupeleka umeme upande mmoja, na kapasita husawazisha mawimbi yake. Kisha transista hukaa katika hali ya katikati, haikuwaka kabisa wala haikuzimika kabisa, ikizibana volti za ziada. Tuseme zimeingia volti 12, zatakiwa volti 5, na mkondo ni ampea 1. Volti 7 zizidizo huiangukia transista, nazo ni wati 7 za joto. Chombo kimepata wati 5 katika 12, yaani kama asilimia 42. Ndiyo sababu ya lile bamba la alumini lenye mapezi. Wako waielezao kwa mfano wa bomba lililofunguliwa nusu. Mfano huo una upungufu: maji yasiyopita hubaki tangini, lakini volti zilizobanwa zimekwisha kuwa joto.

Mstari, basi, uko wapi? Uko katika mchoro wa hisabati tu, unaoonyesha kitokacho kikiongezeka kwa kadiri ya kiingiacho. Asiyeujua mchoro huo akisikia “pawa ya mstari” atafikiri waya ulionyoshwa, au umeme wa mwelekeo mmoja, ambao hutolewa na pawa zote mbili.

Aina ya pili haijui hali ya katikati. Transista huwaka kabisa, kisha huzimika kabisa, mara makumi elfu au malaki kwa sekunde. Ikizimika, mkondo haupiti. Ikiwaka, volti zinazobaki juu yake ni chache mno. Kwa hiyo joto ni dogo katika hali zote mbili. Koili huhifadhi nishati wakati wa kuwaka na kuitoa wakati wa kuzimika. Katika hesabu ile ile, transista huwaka takriban sehemu 5 katika kila 12 za wakati, na aghalabu asilimia 80 hadi 90 ya nguvu hukifikia chombo. Tena, kwa wepesi wa mapigo hayo, transfoma huweza kuwa ndogo sana. Kompyuta ya Apple II ya mwaka 1977 ilikuwa na pawa ya namna hii, iliyobuniwa na Rod Holt. Leo chaja za simu karibu zote ni za aina hiyo.

Hata hivyo ina kelele. Chaja ikiwekwa karibu na redio ya masafa ya kati, mvumo huweza kusikika. Wabuni wa vyombo vya kupimia wangali wakiichagua aina ya kwanza, au huziunganisha mbili: moja ishushe volti, nyingine isafishe.

Sasa jina. “Pawa ya kukata” haifai, kwa kuwa umeme ukikatika mtaa mzima huwa giza. “Kufungua na kufunga” ni hatari zaidi. Mswahili afunguapo redio, redio hulia; afunguapo bomba, maji hutoka. Katika fizikia mambo ni kinyume: saketi iliyofunguliwa haipitishi umeme, iliyofungwa ndiyo ipitishayo. Fundi asomaye kwamba njia “imefungwa” huenda akatia kidole. Ndani ya pawa hii kapasita huhifadhi volti zipatazo 325, nazo huweza kubaki hata plagi ikichomolewa.

Kuwasha na kuzima hakuna mgongano huo. Mtoto wa shule na mhandisi huelewa mamoja. Kwa aina ya kwanza kitenzi cha kubana chatosha. Jina la pili ni refu, na huenda mafundi wakalifupisha kwa ndimi zao, almuradi vitenzi vyake visibadilishwe.